Mchanga Uliofagiwa

Kabla ya vita, msitu wa mto haukuwa na mlango. Ulitoka nyumbani, ukateremka, ukafika. Wanawake wa mtaa wetu hapa Garissa walikwenda kuokota kuni, mbuzi walikwenda kunywa maji, na aliyetaka kukaa kivulini alikaa kivulini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anakwenda wapi.

Vita vikaja, na nyuma ya wanajeshi akaja mtu tuliyemwita Bwana Miti. Alikuwa kijana bado, ameletwa kutoka Kenya kuja kuulinda msitu. Nasema kutoka Kenya kwa sababu ndivyo tunavyosema huku, ingawa ramani inadai na sisi tumo humo, na watu wanauawa kwa sababu ya ramani hiyohiyo. Bwana Miti alipigilia ubao mahali njia inapoanza kuteremka. Eneo la hifadhi. Kuingia kwa kibali tu. Nyumba moja, kibali kimoja. Kuni zilizokauka peke yake, mzigo mmoja, kabla ya alasiri. Ni marufuku kuiacha njia iliyowekewa mawe meupe.

Wanawake wengi wa mtaa hawakujua kusoma, nikawasomea mimi. Baba yangu alikuwa akipeleka mbuzi pwani, akaniacha kwa shangazi yangu huko nikasoma hadi sekondari, na tangu nilipoolewa nikarudi huku, kazi ya elimu yangu imekuwa kuwasomea watu makatazo.

Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kwa hiyo miti inalindwa," akasema. "Isidhuriwe na nani?"

"Na sisi."

"Sisi tulioikuta hapa, na mama zetu walioikuta hapa, na ingali imesimama?"

"Ndiyo, hooyo," nikasema, kwa neno tunalomwitia mama. "Sisi hao."

Akatema mate pembeni, mbali na ubao, maana ni mtu wa adabu.

Sina ugomvi na miti. Mwaka uleule ambao Bwana Miti alikuwa akipaka mawe chokaa ili mti usikwaruzwe, wanajeshi walikuwa wanapiga risasi ngamia wetu visimani. Mume wangu alikuwa amekwenda Wajir kutafuta ngamia walionusurika, na huko akanyimwa kibali cha kurudi. Naandika haya nikijua kuna watakaosema nimezidisha. Mifupa ya ngamia ingali visimani; na waje wanioneshe mifupa ya mti.

Binti yangu alikuwa mchanga, hajaota jino hata moja. Nilipata homa iliyonilaza, na nilipoinuka maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Mama mkwe alijaribu uji, alijaribu kila dua anayoijua, kifua kikabaki kama ngozi tupu. Basi mtoto akalelewa kwa maziwa ya mbuzi. Mbuzi wetu mmoja alikuwa na mtoto, akakubali kugawana.

Maziwa katika joto la Garissa hayasubiri. Ukiyakamua asubuhi ukayaweka kwenye sufuria, adhuhuri yameganda, na mtoto akiyanywa anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Ndiyo maana tuna vile vyombo vya kusukwa kwa nyuzi za mizizi, na ndiyo maana tunavifukiza. Unachoma vipande vya mti tunaouita mareer mpaka viwe makaa, unatia makaa ndani ya chombo, unafunika, unakitikisa na kukizungusha, moshi uingie kwenye kila tundu la msuko. Kisha unamwaga makaa, unafuta, unatia maziwa. Maziwa hayo yanalala na kuamka salama. Yana harufu ya moshi ambayo wageni wanaikunjia pua, nasi tukiikosa tunajua nyumba ina mtu mvivu. Mti mwingine haufai. Mwingine unachoma macho, mwingine unafanya maziwa yawe machungu. Na mareer tulioutegemea sisi uko mtoni.

Nilipanga foleni kwenye ofisi ya Bwana Miti, mtoto mgongoni, mama mkwe ubavuni.

"Kuni za nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Za chombo cha maziwa."

"Chombo kinapikwa?"

"Kinafukizwa."

"Kifukize kwa vichaka. Vichaka vimejaa huku nje, havitaki kibali."

"Vichaka hivyo vinaharibu maziwa. Tunataka mareer, na mareer umeufungia wewe."

Hapo akaniangalia. "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mpaka wapi?"

"Nadhani mpaka ulipofika wewe."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu hakuelewa maneno ila alielewa sauti, akacheka puani.

"Na umesoma kote huko," akasema Bwana Miti, "bado unaamini moshi unatunza maziwa?"

"Wewe unaamini ubao unatunza miti."

Nilidhani atatufukuza. Akaandika kibali, labda ili foleni isogee. Alikiandika kwa mama mkwe, kwa kuwa yeye anaujua mti hata ukiwa umekauka, hauna jani. Mimi darasani nilifundishwa mikoko. Akagonga muhuri akarudia masharti yote kana kwamba sikuwa nimeyasoma ubaoni: mzigo mmoja, kuni kavu, njia ya mawe, asikanyage kwingine.

Mama mkwe alikwenda siku hiyohiyo. Alirudi na mzigo mzuri, vipande vilivyonyooka, na uso ambao sikuwa nimeuona tangu mwanawe aondoke. Akautua mzigo, akakaa chini, akavua kitambaa kujipepea.

"Binti yangu, tusiwalaani wote," akasema. "Wana kheri ndani yao. Wametuwekea msikiti mtoni."

"Msikiti gani?"

"Msikiti wa safari. Mawe yamepangwa vizuri, yamepakwa chokaa hata, na mchanga umefagiwa safi. Adhuhuri ilinikuta palepale. Nikavua viatu, nikasali. Nilimwombea mtoto. Nikamwombea na yule kijana wa miti."

Kwa asiyejua: mchungaji wa huku akiwa porini hajengi kuta. Anapanga mawe yapinde kama upinde, tumbo la upinde likielekea kibla, anafagia ndani, anasali. Akiondoka anayaacha. Atakayepita baada yake anaona mawe na mchanga safi, anajua pale ni mahali pa kusali, anavua viatu. Haulizi yamewekwa na nani. Mama mkwe wangu amesali ndani ya mawe ya watu asiowajua tangu utotoni, huko Tarbaj alikozaliwa, njiani, visimani.

Nilifurahi naye. Nilidhani labda kuna askari Muislamu aliyewatengenezea wenzake mahali. Tukafukiza chombo, nyumba ikajaa harufu yake ya zamani, mtoto akanywa akalala, na maziwa ya asubuhi yakawa mazima hata jioni.

Siku iliyofuata wanajeshi waliingia mtaani nyumba kwa nyumba. Walitaka vibali vyote virudishwe, wakabeba na kuni. Askari mmoja aliunyanyua mzigo wetu wa mareer kwa mkono mmoja.

"Huo una kibali," nikamwambia.

"Kibali kimefutwa."

"Mzigo uliletwa kabla hakijafutwa."

"Mama, nenda kaieleze bunduki."

Walitukusanya karibu na ubao. Afande wao, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alisema kwa Kiswahili nami nikasukumwa mbele nitafsiri. Kando ya njia ya mto, akasema, Bwana Miti alizungushia mawe kipande cha ardhi kisichokanyagwa. Ndani yake mchanga hufagiwa kila siku kwa matawi, ili adui akipita aache nyayo. Sasa adui amepita. Alivua viatu asisikike. Alipiga magoti, akainama akaegemea mikono, vidole vya miguu amevikita mchangani, amekaa tayari kupiga risasi. Na alielekea kaskazini, iliko kambi. Mpaka mtu huyo atolewe, hakuna atakayekanyaga msitu, na kila nyumba itapekuliwa.

Nilitafsiri mpaka kwenye "magoti", yaliyobaki nikayafupisha: mto umefungwa mpaka adui atolewe. Mawe. Mchanga uliofagiwa. Kaskazini. Sisi wa Garissa tukisali, tunaelekea kaskazini.

Nikamtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, bado hajaelewa, anatikisa kichwa kumlaani huyo adui aliyewafungia watu mto.

Pembeni ya afande alisimama askari wa pwani, mtu wa makamo. Ndiye aliyekuwa msomaji wao wa nyayo, afande mwenyewe alisema. Nilikuwa nimemwona Ijumaa akitoka msikitini, kofia mkononi. Huyu naye alizitazama zile alama: viganja viwili, magoti mawili, ncha za miguu, na mbele yake shimo dogo la paji la uso. Hakuna Muislamu asiyezijua. Nilimkazia macho. Akatazama buti zake.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe polepole. Alinisikiliza.

"Waliufagia ili watunase," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa mawe ya kusalia."

"Hawakujua ni mawe ya kusalia, hooyo. Kwao ni mawe tu."

"Hilo ni baya zaidi."

Hatukuwa na kuni za mareer tena. Nilijaribu kufukiza kwa kichaka cha nje, kama Bwana Miti alivyonishauri. Maziwa yakawa machungu, mtoto akayatema. Nikamnywesha yaliyokamuliwa papo hapo, lakini mbuzi hakamuliwi kila mtoto anapolia. Nikajaribu ya mchana yasiyofukizwa, na kufikia asubuhi alikuwa anaharisha. Mtoto wa namna ile halii kwa nguvu. Anafanya sauti kama mlango unaofunguliwa taratibu. Nilimbeba nikahisi uzito wake umepungua mikononi mwangu.

Mama mkwe akachukua shuka lake la kwenda nje.

"Twende nikawaambie ni mimi."

"Watakuua."

"Kwa kusali?"

"Kwa nyayo."

"Basi wewe njoo utafsiri vizuri," akasema. "Mtoto atakunywa nini kesho, nikikaa hapa nikiogopa?"

Tulimkuta afande palepale mtoni, yeye, Bwana Miti na yule askari wa pwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kile kipande. Hata mimi, na sekondari yangu yote, ningevua viatu. Mawe meupe yalitoka njiani yakapinda upande wa kaskazini kama yamepimwa kwa kamba, na upande wa njia ukaachwa wazi kama mlango. Alama zilikuwa zingali pale, zimezungushiwa vijiti. Mama mkwe alipoziona akacheka kidogo. Nadhani ni kwa kuona jinsi walivyozitunza.

Nilimwambia afande: "Mtu mnayemtafuta ni huyu."

Afande alimpima mama mkwe kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyu bibi ndiye alikaa tayari kupiga risasi?"

"Alikuwa anasali."

"Hapa?"

Mama mkwe hakunisubiri. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mimi nasali. Hii mawe ya sala. Wewe nafagia, wewe naweka mawe, mimi nasema asante. Sasa wewe natafuta mimi na bunduki?"

"Anadanganya," akasema Bwana Miti. "Wanamficha mtu. Tazama ukubwa wa mguu huo."

Nikamgeukia yule askari wa pwani. "Askari, wewe unasali?"

"Nasali," akasema.

"Basi uliona nini hapa?"

"Niliona nyayo."

"Uliona nini?"

Akatazama tena buti zake. Bado sijamsamehe huyo, na nimejaribu. Bwana Miti hakujua, na mwanajeshi wa bara hakujua. Yeye alijua, ila aliogopa wenzake wasije wakasema yuko upande wetu, akaona afadhali mtaa mzima upekuliwe.

Mama mkwe alikuwa ameshavua viatu. Aliingia ndani ya mawe, kando ya alama zake za kwanza, akanyanyua mikono, akaanza. Hakuharakisha kitu. Alisimama, akarukuu, akasujudu, na bunduki zikamwangalia mgongo. Mguu wake ni mkubwa kweli, amefuata ngamia maisha yake yote. Alipotoa salamu na kuinuka, pale chini palikuwa na alama mbili zilizofanana kama mapacha. Viganja, magoti, ncha za miguu, shimo la paji.

Afande alizitazama muda mrefu. Akamwangalia msomaji wake wa nyayo jinsi mtu anavyoangalia kisu butu. Kisha akasema kesi imekwisha, vibali virudishwe, akapanda gari.

Mnadhani iliishia hapo. Bwana Miti alifungua mkoba wake.

"Vibali vitarudi," akasema, "isipokuwa cha nyumba hii. Huyu mama ameiacha njia. Sasa ameiacha mara ya pili, mbele yangu."

"Alikuwa anakuonesha," nikasema.

"Sharti liko ubaoni. Wewe mwenyewe unajua kusoma."

"Nyumbani kuna mtoto anaharisha kwa sababu mmebeba kuni zetu."

"Mpeleke hospitali."

"Hospitali watampa maziwa ya nani?"

"Dada, mimi ni mtu wa misitu."

Nilitaka kumpiga. Naliandika hili wazi, maana sitaki msomaji afikiri nilikuwa na subira. Mama mkwe alinishika mkono, si kwa upole, akanivuta tukapanda njia.

Tulipofika mtaani, wanawake waliokuwa wamerudishiwa vibali vyao walikuwa wanajua tayari. Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja, jirani yetu wa ukutani, mwenye ulimi kama wembe, aliniuliza: "Ni kuni mlizokatazwa, au na makaa?"

"Ubao unasema kuni."

"Basi lete chombo chako kwangu. Na ukitembea na mtoto, mfunge vizuri; kibali kimetosha, hatuhitaji hasara mbili."

Ndivyo tulivyoishi. Yeyote aliyefukiza chombo chake asubuhi alitutengea makaa ya mareer, nami nilikwenda na chombo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walinitania kuwa nimekuwa mwombaji wa moshi. Mtoto alianza kushika maziwa tumboni, polepole, macho yakarudi mahali pake. Lakini alichelewa kukaa, alichelewa kutambaa, na kila alipochelewa nilimhesabia Bwana Miti.

Yeye alinyoosha mawe yake. Kisha akaongeza mstari kwenye ubao: ni marufuku kuiacha njia kwa sababu yoyote, ikiwemo ibada. Akaniita niwasomee wanawake. Nilisoma. Mama mkwe aliuliza, "Amesema tusisali?"

"Amesema tusiiache njia."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, hooyo."

Baada ya mvua mume wangu aliruhusiwa kurudi, vibali vikaandikwa upya, na nyumba yetu nayo ikapewa kimoja, kwa jina langu safari hii. Mama mkwe alinifundisha mareer kwa gome na kwa harufu, nikateremka peke yangu, mtoto mgongoni. Nilikusanya mzigo wangu. Kwenye kurudi, pale njia inapobanwa na miti pande mbili, jua likapinduka, adhuhuri ikaingia.

Nikaweka mzigo chini, katikati ya njia, katikati kabisa ya mawe meupe. Nikavua viatu, nikaelekea kaskazini, nikaanza.

Nilisikia Landrova ikija kabla sijaenda rakaa ya pili. Ikasimama nyuma yangu, injini inanguruma. Akapiga honi mara moja. Halafu nikasikia mlango, na sauti ya Bwana Miti: "Mama, toka njiani."

Nje ya mawe, kabla ya miti, kulikuwa na nyasi za kunitosha mimi na mzigo wangu. Sikutoka. Nilisoma sura ndefu niliyofundishwa na shangazi yangu pwani, ambayo kwa kawaida naiogopa kwa kuwa nasahau katikati. Siku hiyo sikusahau neno. Niliposujudu mtoto aliteleza mpaka mabegani kwangu, akanishika nywele kupitia shungi, nikabaki chini mpaka alipotulia.

Nyuma yangu kulikuwa na sauti nyingine, ya yule askari wa pwani. "Mwache amalize, bwana," akasema.

Nilimaliza. Nikatoa salamu kulia na kushoto, na hapo kushoto ndipo nilipowaona: mmoja ameegemea mlango wa gari, mwingine ametazama buti zake. Nilivaa viatu, nikajitwisha mzigo.

"Ulikuwa unaziba njia," akasema Bwana Miti.

"Sikuiacha," nikamwambia.

Nikatembea mbele ya gari mpaka juu kwenye ubao, mwendo wangu wa kawaida wa mtu mwenye mzigo na mtoto, nao wakinifuata kwa gia ya kwanza. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshakoka moto. Alivunja vipande, akasubiri viwe makaa, akavitia ndani ya chombo akakitikisa. Mtoto alinyoosha mkono kabla maziwa hayajaingia.